Mkia wa Dawa

Ndugu msomaji, habari ninayotaka kukusimulia ni ya mtaalamu wa dawa aliyefanya kazi Nairobi na pwani ya Kenya, akahangaikia dawa moja ya malaria kwa karibu miaka ishirini, dawa ikapatikana, ikasajiliwa, kisha ikafa kabla haijatimiza miaka mitano sokoni. Lakini siwezi kuianzia Nairobi. Lazima niianzie dukani, kwa sababu dukani ndiko nilikofanya kosa.

Nilimaliza kidato cha nne huko Shinyanga na matokeo yangu yalikuwa ya kunong'onezana, si ya kutangaziana. Nikawaambia nyumbani kwamba mimi naandika riwaya. Mama akaniuliza, riwaya inauzwa kilo shilingi ngapi? Sikuwa na jibu. Basi mjomba, kaka yake mama, akanichukua nikamsaidie kwenye duka la dawa alilofungua machimboni upande wa Geita baada ya kustaafu. Mjomba alikuwa mganga wa zahanati tangu ujana wake, akihamishwa kutoka kijiji hiki hadi kile mkoani Shinyanga. Watu wanamwita daktari mpaka leo, ingawa yeye mwenyewe hukataa.

Kama hujafika kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo, nikuchoree kidogo. Ni maturubai na mabanzi. Karasha zinasaga mawe mchana na usiku, vumbi jeupe linatua kwenye wali wa mama lishe, muziki hauzimwi. Maduara yaliyokwisha dhahabu yanaachwa wazi, na mvua ikinyesha yanajaa. Mialo ya kuoshea mchanga haikauki mwaka mzima. Binadamu anatafuta dhahabu, mbu anatafuta maji yaliyotuama, na wote wawili wanakutana kwenye shimo moja. Wageni wanaingia kila siku kutoka kila mkoa, wanalala chini ya turubai bila chandarua. Ukifungua duka la dawa mahali kama hapo, huhitaji kuweka bango.

Sasa jioni moja akaja kijana wa karasha, macho mekundu, koti limefungwa mpaka shingoni na jua bado halijazama.

"Oya dogo, nipe mseto. Nusu."

"Dozi haikatwi, kaka."

"Duara halijatema bado. Nipe za leo na kesho asubuhi, nikipata hela nitafuata zilizobaki."

Dozi ya mtu mzima ya dawa ya mseto ni vidonge 24: vinne kwa vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Mjomba hakuwepo. Nikachukua mkasi nikakata pakiti katikati, vidonge 12. Akalipa, akaenda zake. Kesho yake jioni nilimwona anapiga stori kijiweni, mzima kabisa, nikajiona mimi daktari.

Baada ya siku kumi na mbili wenzake wakamleta juu ya bodaboda, wamembana katikati asianguke. Alikuwa anaongea na mama yake, na mama yake hakuwepo pale. Mjomba akampima, akatoa hela yake mfukoni, akawaamuru wampakie kwenye gari la kwenda hospitali. Sikumwona tena. Wenzake walisema ndugu zake walimfuata wakamrudisha kwao. Yuko hai au la, sijui.

Usiku ule mjomba hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ulimpa ngapi?"

"Kumi na mbili, mjomba."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Umemfundisha mdudu."

Hapo ndipo aliponieleza habari ya mkia wa dawa, na ya dawa iliyokufa kabla mimi sijaifahamu. Mengine niliyatafuta mwenyewe baadaye, katika maktaba kule Mwanza na kwenye simu mpaka bando likaniishia mara nyingi. Naomba unifuate taratibu.

Nchi yetu imeshindana na malaria kwa dawa nyingi. Wajerumani walipanda mikwinini Amani, katika milima ya Usambara, na wakati wa Vita Kuu ya Kwanza meli za Waingereza zilipowafungia bahari, jeshi la von Lettow-Vorbeck lilikunywa kwinini iliyotengenezwa humu humu nchini kutokana na magamba ya miti ile. Baadaye ikaja klorokwini, ndiyo mjomba aliyoanza nayo kazi. Ilikuwa rahisi, ilikuwa chungu, na iliwasha. Anasema wagonjwa walikuwa wakijikuna migongo kwenye kona za nyumba kama ng'ombe. Lakini walipona! Mtoto aliyeletwa asubuhi amelegea, jioni aliomba uji.

Kisha klorokwini ikaanza kuchoka. Mnamo 1978 na 1979 zikatoka taarifa za wageni waliopata malaria Kenya na Tanzania na klorokwini ikashindwa kuwaponya. Mwanzoni ilionekana jambo la watalii. Miaka ya 1990 ilipofika, lilikuwa jambo la kila zahanati. Mjomba anakumbuka alivyokuwa akiwapa watoto dozi kamili, mama zao wakirudi nao baada ya wiki, na yeye hana kingine kabatini. "Ukitoa dawa unayojua haiponyi," aliniambia, "mkono unakuwa mzito."

Malawi iliiacha klorokwini mwaka 1993, Kenya mwaka 1998, na Tanzania mwaka 2001. Mahali pake pakashikwa na SP, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar. Ni mchanganyiko wa dawa mbili, sulfadoksini na pirimethamini. Watu waliipenda mno. Mtu mzima anameza vidonge vitatu mara moja, basi, kwisha habari. Hakuna siku ya pili wala ya tatu, hakuna kusahau.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo anapoingia mtu wetu.

Jina lake ni William Watkins, wenzake wakimwita Bill. Mwingereza huyu alifanya utafiti wake Nairobi, katika maabara ya shirika la Wellcome Trust iliyoshirikiana na KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba. Kazi ya mtaalamu wa dawa wa aina yake si kumwandikia mgonjwa cheti. Yeye anaifuata dawa baada ya kumezwa: inafika lini kwenye damu, ini linaigeuza kuwa nini, inapungua kwa kasi gani, na inapokuwa inapungua, mdudu anafanya nini. Kwa mfano, mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha kazi iliyopima nguvu ya dawa ya zamani iitwayo proguanili juu ya vimelea, wakilinganisha dawa yenyewe na vitu inavyogeuka ikiingia mwilini. Ni kazi ya chupa ndogo na subira kubwa. Hakuna mtu anayekuimbia wimbo kwa kazi kama hiyo.

Swali lililomkaa moyoni lilihusu hiyo SP iliyokuwa ikipendwa. Kila mtu aliona sifa yake: inakaa mwilini muda mrefu. Dozi moja, na dawa inabaki kwenye damu kwa wiki kadhaa. Watkins akauliza swali ambalo, ukilisikia, unajiuliza kwa nini hukuliuliza wewe: katika wiki hizo ambazo dawa inazidi kupungua, mgonjwa wetu anaumwa na mbu wangapi?

Hapa kwetu jibu unalijua. Mbu hangoji upone. Sehemu zenye malaria nyingi mtu anaingiziwa vimelea vipya mara kwa mara. Wiki ya kwanza vimelea vipya vinakutana na dawa kali, vinakufa vyote. Lakini wiki ya tatu au ya nne vinakutana na dawa hafifu. Hapo walio dhaifu wanakufa, wenye usugu kidogo wanapona. Wanazaana peke yao, bila mshindani. Mbu mwingine anakuja, anawafyonza, anawapeleka kwa jirani. Mjomba alinieleza kwa mfano wa mlinzi wa duka. Mlinzi aliye macho hafundishi wezi kitu, maana anawakamata wote. Mlinzi anayesinzia ndiye anayechuja wezi: wazembe atawakamata, na wajanja watapita na kurudi na ndugu zao. Sehemu hiyo ya mwisho, dawa inaposinzia kwenye damu, ndiyo mjomba anayoiita mkia wa dawa. SP ilikuwa na mkia mrefu sana.

Watkins hakulisema jambo hili kwa kubahatisha. Mwaka 1993 yeye na Mkenya aitwaye Mosobo walichapisha utafiti uliotazama vimelea vilivyojitokeza kwa watu waliokwisha kutibiwa. Waliona kwamba vile vilivyoibuka katika wiki ambazo mkia wa SP ulikuwa bado damuni vilielekea kuwa sugu kwa pirimethamini. Hitimisho lao lilikuwa wazi: kadiri dawa inavyochelewa kutoka mwilini, ndivyo inavyozidi kuchagua vimelea sugu. Ile sifa iliyofanya SP ipendwe ndiyo itakayoiua.

Na kama kuna aliyedhani ni nadharia tupu, historia ilikuwa imekwisha kutoa onyo, tena nchini mwetu. Katikati ya miaka ya 1950, huko Mkuzi karibu na Muheza mkoani Tanga, watu waligawiwa pirimethamini peke yake kila mwezi ili wasiugue. Daktari David Clyde, aliyekuwa akifanya kazi ya malaria Tanganyika, ndiye aliyeandika kilichofuata. Ilichukua miezi tu, si miaka, vimelea vya pale vikawa sugu. Miezi! Nusu ya SP ilikuwa imeshindwa Mkuzi kabla baba yangu hajazaliwa.

Basi kama SP itakufa, kitafuata nini? Swali hili lilikuwa la hela pia. Dawa mpya zilikuwepo, lakini bei zake hazikuwa za mkulima wa pamba wa Maswa wala mchimbaji wa Geita. Watkins hakutafuta dawa mpya kabisa. Alifungua kabati la zamani. Humo mlikuwa na klorproguanili, ndugu yake proguanili, ikiuzwa kwa jina la Lapudrine. Na mlikuwa na dapsoni, dawa ya ukoma iliyotumika tangu miaka ya 1940. Dawa hizi mbili hufanya kazi ya namna moja na zile za SP. Mdudu wa malaria hutengeneza mwenyewe kirutubisho cha foleti anachohitaji ili azaane, na dawa hizi hufunga mlango huo sehemu mbili kwa pamoja. Tofauti ni mkia. Hizi hutoka mwilini ndani ya siku chache. Zinapiga kwa nguvu, kisha zinaondoka, hazibaki zikisinzia.

Majaribio ya mwanzo kwa wagonjwa wa Kenya yakachapishwa mwaka 1988. Yalitia moyo. Ungedhani mwaka uliofuata dawa ingekuwa dukani. Thubutu! Dawa mbili kuukuu, hati zake za ugunduzi zimekwisha muda, wateja wake ni maskini. Kampuni gani ingekimbilia? Miaka ikapita. Kilifi kikafunguliwa kituo kikubwa cha utafiti mwaka 1989, na huko kazi ikaendelea. Alikuwepo Peter Winstanley, daktari na mtaalamu wa dawa kutoka Liverpool. Alikuwepo Edward Mberu. Baadaye akaja Alexis Nzila, mtoto wa Kongo, aliyechambua jeni za vimelea kuona ni badiliko gani linampa mdudu usugu wa namna gani. Waligundua jambo la kutia matumaini: mabadiliko ya jeni yaliyokuwa yameenea Afrika Mashariki, yenye kuiangusha SP, hayakutosha kuiangusha dawa hii mpya.

Napenda kulitazama jambo hili kama mtu anayejaribu kuandika. Mwaka 1988 una wazo zuri, limejaribiwa, linafanya kazi. Mwaka 1993 unaeleza kwa ushahidi kwa nini linahitajika. Mwaka 1997 wewe na wenzako mnachapisha hesabu za kubashiri jinsi dawa za namna hii zitakavyofanya kazi Afrika. Na bado hakuna kidonge hata kimoja dukani. Mimi mswada wangu ukirudishwa mara mbili nalala na njaa kwa hasira.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 mlango ukafunguka. Shirika la Afya Duniani, serikali ya Uingereza na kampuni ya dawa ambayo leo ni GlaxoSmithKline wakaungana kugharamia. Dawa ikapewa jina kwa kuunganisha majina ya wazazi wake: LapDap. Lengo likawa matibabu ya siku tatu yasiyozidi dola moja.

Na jaribio mojawapo lililotikisa watu lilifanyika kwetu, Muheza, palepale jirani na Mkuzi ya Clyde. Daktari wetu Theonest Mutabingwa aliliongoza, pamoja na Nzila, Mberu, Winstanley na Watkins, matokeo yakachapishwa mwaka 2001. Walianza kwa kuwatibu watoto kwa SP. Kwa wengi wao malaria ilirudi. Hao waliorudi wakagawanywa: wengine wakapewa SP tena, wengine LapDap. Waliorudia SP wengi walishindwa tena katika siku chache. Waliopewa LapDap, karibu wote walisafika. Kumbuka mwaka wenyewe. Ni mwaka huohuo wa 2001 ambapo taifa zima lilikuwa linahamia SP! Tulikuwa tunapanda basi ambalo Muheza lilikwisha kupata pancha. Wakubwa hawakuwa wajinga, SP ilichukuliwa kama daraja la muda tu, lakini ndilo daraja lililokuwepo.

Jaribio kubwa likafuata katika nchi tano za Afrika, Tanzania ikiwemo, kwa watoto zaidi ya 1,800. LapDap ikaishinda SP. Mwezi Julai 2003 ikasajiliwa Uingereza. Karibu miaka ishirini tangu zile chupa ndogo za Nairobi.

Hapa ningekuwa natunga riwaya ningeishia. Lakini hii ni historia.

Katika damu ya mwanadamu kuna kimeng'enya kiitwacho G6PD, kinacholinda chembe nyekundu zisiunguzwe na vitu vikali. Watu wengi wa Afrika, hasa wanaume, wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Si laana. Wataalamu wanaeleza kwamba upungufu huu umeenea kwetu kwa sababu unamkinga mtu kiasi dhidi ya malaria kali. Mababu waliokuwa nao walipona, wakazaa. Ni silaha ya urithi. Lakini mtu wa namna hiyo akimeza dapsoni, chembe zake nyekundu hupasuka, na damu yake hupungua. Kwa mtoto ambaye malaria yenyewe imekwisha kumnyonya damu, huo ni msiba.

Hatari ya dapsoni haikuwa siri. Ilijulikana tangu zamani kutoka kwa wagonjwa wa ukoma. Hoja ilikuwa ukubwa wake katika matibabu mafupi ya siku tatu. Katika lile jaribio la watoto 1,800 dalili za kupungua damu zilikwisha kuonekana, na wapo waliohoji mapema. Jawabu likaja kwenye majaribio mengine, yaliyochanganya LapDap na artesunati na kuilinganisha na dawa ya mseto tunayoijua leo. Katika timu ya jaribio mojawapo, Mtanzania Zul Premji wa Muhimbili ndiye jina lake lililotangulia kwenye taarifa. Mseto haukuwashusha damu watoto wenye upungufu wa G6PD kwa namna ile. LapDap iliwashusha, na wengine wakahitaji kuongezewa damu. Februari 2008 kampuni ikatangaza kuiondoa LapDap sokoni, na ule mchanganyiko mpya ukaachwa njiani.

Ama kweli! Silaha ambayo mababu walituachia dhidi ya malaria ndiyo iliyoangusha dawa iliyotengenezwa kwa ajili yetu.

Tulipofika hapa nilimwambia mjomba, "Kwa hiyo mzee wa watu alipoteza miaka yake bure." Mjomba akanitazama kama alivyonitazama usiku wa vile vidonge 12.

"Dawa ndiyo iliyokufa," akasema. "Swali lake limekufa?"

Nimelifikiria jibu hilo muda mrefu, na ndilo lililonifanya niandike. Si kwamba Watkins alikuwa sahihi katika kila kitu. Dawa yenye mkia mfupi nayo ina hasara yake: ikiondoka damuni haraka, mgonjwa hana kinga, na mbu wa wiki ijayo anaweza kumrudisha kitandani. Mama wa kijijini angependa dawa ikae. Wataalamu walibishana juu ya hilo na walikuwa na haki. Lakini juu ya SP yeye na wenzake walibashiri sawasawa. Kufikia mwisho wa 2006 Tanzania ilibidi iiache kama tiba ya kwanza, ikahamia mseto, yaani artemeta na lumefantrini. SP imebaki na kazi nyingine, kuwakinga wajawazito. Na Malawi, iliyokuwa ya kwanza kuipumzisha klorokwini, ilionyesha upande wa pili wa hoja hiyohiyo: baada ya miaka kadhaa bila dawa hiyo, vimelea sugu vilipotea, na utafiti wa Blantyre uliochapishwa mwaka 2006 ukakuta klorokwini inaponya tena. Mdudu anajifunza darasani kwake, na darasa lenyewe ni damu yetu yenye dawa hafifu. Ukifunga darasa, anasahau.

Sasa turudi machimboni, maana hapo ndipo swali hili linaponiuma.

Mseto una mikia miwili. Artemeta inapiga kwa kishindo na kuondoka katika saa chache. Lumefantrini inabaki nyuma kwa siku kadhaa kumalizia waliosalia. Ndiyo maana ni siku tatu. Dozi ya kwanza inashusha homa, na hapo ndipo mchimbaji anapojiona amepona na kurudi shimoni. Vidonge vilivyobaki si vya homa, ni vya wadudu waliojificha. Mimi nilipokata pakiti kwa mkasi nilimwachia yule kijana wadudu wake, pamoja na dawa hafifu ya kuwafundishia.

Na majirani wamekwisha kubisha hodi. Mwaka 2020 watafiti walichapisha taarifa kutoka Rwanda ya badiliko la jeni linalomfanya mdudu achelewe kufa kwa artemisinini. Mwaka 2022 utafiti ulifanyika Karagwe, mkoani Kagera, ukiongozwa na Mtanzania Deus Ishengoma wa NIMR. Siku ya tatu ya matibabu, zaidi ya wagonjwa kumi katika kila mia bado walikuwa na wadudu kwenye damu, na badiliko lilelile la jeni lilikuwepo. Usije ukaogopa ukaacha dawa: wagonjwa wale walipona, mseto bado unaponya. Lakini artemeta imeanza kuchelewa, na mzigo unaiangukia lumefantrini yenye mkia. Kagera na Geita zinapakana. Mchimbaji akisikia rashi imetokea upande wa pili, anafunga turubai anaondoka kesho asubuhi, na wadudu wake damuni. Hakuna kizuizi cha barabarani kinachowakagua.

Mjomba sasa ameweka daftari kaunta. Asiye na hela anachukua dozi nzima, jina lake linaandikwa. Wapo wanaolipa duara likitema. Wapo wanaohama usiku bila kuaga, na mjomba anachora mstari juu ya jina anaendelea na kazi. Shangazi anasema duka litafungwa kwa mtindo huo, na pengine kweli litafungwa.

Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo niliuandika mimi. Hauna jina, maana sikumuuliza yule kijana jina lake. Nimeandika tarehe, na chini yake: vidonge 12. Huyo hadaiwi. Hizo anatudai yeye.